Mama Mkwe Haguswi

Chuo cha afya alichosoma Donatus pale Katoro hakikuwa na maji ya bomba, lakini kilikuwa na mgonjwa wa kidijitali. Usicheke, hayo ndiyo maendeleo. Wafadhili walileta kompyuta zikajaa chumba, na ndani ya kila moja mlikuwa na mwanamke wa kuchorwa, amelala kitandani, anapumua na kupepesa macho. Ukimbofya tumboni, ngozi inafunguka. Ukibofya tena, misuli inaondoka. Ukiendelea, utumbo wote huo hapo, msafi, wa rangi ya waridi, hauna hata harufu, na unaweza kuuzungusha upande wowote kwa kidole. Mkuu wa Chuo alitangaza kwamba hiyo ndiyo elimu ya utabibu ya karne hii. Hospitali ya mkoa ya kufanyia mazoezi ilikuwa mbali na basi la chuo lilikuwa limekaa juu ya mawe, kwa hiyo karne ilikuja wakati mzuri kabisa.

Wanafunzi walimwita yule mwanamke Mama Karibu, maana hakukataa swali. Umuulize anaenda haja mara ngapi, anajibu. Umuulize analala na mumewe mara ngapi kwa wiki, anajibu huku anatabasamu. Aliyemtafsiri alimpa Kiswahili cha bungeni: "Daktari, ninahisi maumivu makali katika sehemu ya chini ya fumbatio langu." Katoro nzima hakuna mtu mwenye fumbatio. Watu wa Katoro wana tumbo, na likiwa baya linawakata. Lakini marks ni marks, na wanafunzi walizoea.

Donatus ndiye aliyekuwa bingwa. Mama Karibu aliugua kila ugonjwa uliopo duniani, na kila alipougua Donatus alimponya kabla wenzake hawajamaliza kuwasha mashine. Alipewa cheti, na mkewe Vumilia akakitundika ukutani pale pale kalenda ilipokuwa. Matumbo ya watu hai alikuwa ameyashika mawili tu, na moja la mwanafunzi mwenzake aliyeanguka chini kwa kucheka akisema anatekenywa. Hilo halikuandikwa kwenye cheti.

Waliishi vyumba viwili nyuma ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, ambayo ikiwashwa asubuhi vikombe vinatembea vyenyewe mezani. Vumilia alikuwa akiwauzia uji na maandazi vijana wa karasha, mtoto wao Davis mgongoni. Bando la laptopu ya Donatus, ambamo Mama Karibu alihamia naye nyumbani, lilitoka kwenye maandazi hayo. Ikifika mwisho wa mwezi Donatus alimponya Mama Karibu kwa haraka zaidi, kabla bando halijakata.

Baba yake Vumilia, Mzee Maganga, aliishi kijijini, upande wa kwenda Ushirombo. Siku moja Donatus alimwonyesha lile tumbo linalofunguka, na mzee akarudi kijijini akiwa mtu mwingine. Alisema kisimani, alisema kanisani, alisema kwenye pombe. "Mkwe wangu anatibu bila kumgusa mtu! Anabonyeza tu, ugonjwa unatoka wenyewe kwenye kioo." Kwa Wasukuma wa rika lake, daktari anayetibu bila kugusa alikuwa na faida moja kubwa: hata wakwe anaweza kuwatibu.

Maana mama mkwe haguswi. Humpi mkono, hukai naye chumba kimoja, huli naye, na mkikutana njiani mmoja wenu anaingia porini. Ukiwa na la kumwambia unamtuma mkeo. Hiyo ni heshima, na Donatus aliishika sana. Tangu aoe alikuwa ameuona mgongo wa mama mkwe wake mara nyingi na uso wake kwa mbali tu, siku ya harusi, chini ya khanga.

*

Siku ya gulio, jua la saa nne, bodaboda ilisimama mbele ya nyumba. Mzee Maganga alishuka wa kwanza. Nyuma yake akashuka mkewe Lusia, khanga imefunika kichwa mpaka puani, mkono mmoja umeshika tumbo. Vumilia alimpitisha uani na kumwingiza chumba cha nyuma kabla mumewe hajatoka kumwona.

"Shikamoo baba," alisema Donatus.

"Marahaba, dokta. Nimekuletea mama yako. Tumbo linamsumbua. Washa mashine."

Vumilia alitoka chumba cha nyuma uso umemshuka. "Baba, mama hana hali nzuri. Hospitali si hapo tu? Niite bajaji?"

"Hospitali!" Mzee Maganga alicheka kwa uchungu. "Nikapange foleni na watu wasionijua, wakati nina dokta ndani ya ukoo? Nitawaambia nini watu kijijini?"

Vumilia akamtazama mumewe. Donatus alijua jibu la kutoa. Alilijua kabisa. Lakini mzee alishakaa kwenye kigoda, ameweka mikono magotini, anamtazama kama mtu aliyefika kwenye sherehe yake mwenyewe. Na Donatus, tuseme ukweli, alikuwa ameisubiri siku hiyo.

"Tumwangalie kwanza hapa," alisema. "Tukiona ni kubwa, tunakwenda."

Basi zahanati ikafunguliwa. Laptopu iliwekwa juu ya kreti la soda chumba cha mbele. Mgonjwa alikaa chumba cha nyuma, mgongo ukielekea mlango. Katikati palikuwa na pazia, na kwenye pazia akasimama Vumilia, mtoto mgongoni, kupeleka maswali na kurudisha majibu. Kwenye kioo Mama Karibu alitabasamu, akisubiri kuwa mtu mwingine: ukimjaza dalili, mashine inataja ugonjwa.

"Muulize maumivu yalianza lini."

Vumilia aliingiza kichwa, akanong'ona, akatoka. "Anasema juzijuzi."

Juzijuzi ya Kisukuma inaweza kuwa mwezi mzima. Mashine ilikuwa na leo, jana na wiki iliyopita. Donatus akabofya jana.

"Yako upande gani?"

"Chini huku."

"Chini huku wapi?"

"Chini, Donatus! Unataka nikuonyeshe mimi, na baba amekaa hapo?"

Mzee Maganga alitazama dari. Donatus alifikiri kidogo, halafu akapata wazo ambalo Mkuu wa Chuo angelipigia makofi. "Mpelekee kompyuta. Aguse kwenye picha panapomuuma. Ndiyo kazi yake hii."

Vumilia alibeba laptopu kama anavyobeba sinia la maandazi. Lusia alikuwa amekaa kwenye mkeka akihema. Aligeuza uso, akaona mwanamke amelala uchi, si uchi wa nguo tu, uchi wa ngozi, matumbo yote nje, halafu anatabasamu.

"Yesu wangu! Huyu wamemfanya nini?"

"Ni picha, mama. Gusa panapouma."

"Na bado yuko hai?"

"Gusa tu, mama."

Lusia alifumba macho asiione aibu ya mwenzake, akanyoosha kidole, kikaangukia pale kilipoangukia. Kiliangukia kwenye kibofu. Mashine ililia ting, ikashukuru kwa ushirikiano, ikaandika kibofu.

"Anasema pia bega linamuuma," alisema Vumilia alipoirudisha. "Na kizunguzungu."

"Bega ni ndoo," Mzee Maganga alidakia. "Jana kabeba maji. Na kizunguzungu ni mfungo, kanisani kwao wanafunga wiki hii."

Hakuna aliyemuuliza, lakini alijibu vizuri, na bega likafutwa kwenye orodha ya matatizo. Ndipo likatokea swali lenye nyota nyekundu, lile ambalo usipolijibu mashine haisogei: *Je, kuna uwezekano kwamba una ujauzito?*

Swali hilo Donatus alilijua vizuri. Kwa Mama Karibu alikuwa akiliuliza hata kabla ya kumsalimia, kwa sababu mwanamke mwenye maumivu ya tumbo usipomuuliza hilo unapoteza alama nyingi. Mwalimu alilirudia mpaka wakalifanyia utani. Sasa alilitazama kwenye kioo. Alimtazama baba mkwe. Alitazama pazia. Amtume Vumilia akamuulize mama yake mzazi, mbele ya baba yake mzazi, kwa niaba ya mkwe, kama wazee wale wawili bado wanafanya mambo yale? Hata shetani angeomba ruhusa.

Akakohoa. Akabofya Hapana.

Vumilia aliona. "Hilo umemjibia nani?"

"Mama ana mjukuu, Vumilia."

Vumilia alifikiri. "Kweli, ana mjukuu," alisema.

Wakaridhika wote wawili, msomi na mke wa msomi, kana kwamba kupata mjukuu ni njia ya uzazi wa mpango.

Nyuma ya pazia, Lusia hakusikia swali hilo kwa sababu halikutamkwa. Alikuwa na miaka arobaini na tatu. Siku zake hazikuwa zimekuja kwa miezi miwili, na tangu Jumapili damu nyeusi ilikuwa ikimtoka kidogokidogo, damu asiyoielewa. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Binti yake ananyonyesha, yeye naye abebe? Kisimani wangemcheka mpaka maji yakauke. Hospitali hakutaka, kwa sababu hospitali wanauliza. Lakini mumewe alisema mashine ya mkwe inaona ndani ya mtu bila kuuliza, ndiyo maana akakubali kupanda bodaboda. Alikuja ili ionekane bila yeye kusema.

Mashine ilizunguka kidogo, ikatoa jibu lake: UTI, uwezekano asilimia tisini na moja.

"UTI," alisema Donatus, na sauti yake ikawa nzito kidogo. "Ni maambukizi ya njia ya mkojo. Dawa zipo."

"Mmeona?" Mzee Maganga aliinuka. "Hata hakumwona! Nipe majina ya dawa, naenda mwenyewe duka la dawa kwa Zakir."

Akaondoka na jina la dawa kwenye simu, akisalimia kila mtu njiani. Vumilia aliingia kwa mama yake.

"Mama, ni UTI."

"Mashine imeona hivyo?"

"Imeona."

"Hakuna kingine ndani?"

"Hakuna kingine."

Lusia aliishusha pumzi aliyoibeba miezi miwili. Alimshukuru Mungu, kisha akaomba apishwe kwenda chooni.

*

Donatus alikuwa akiwaandikia wenzake kwenye kundi la darasa habari ya mgonjwa wake wa kwanza wa nyumbani. Alishafika kwenye neno "hatimaye" aliposikia mkewe akipiga kelele uani.

Alikimbia. Alifika mlango wa uani, akasimama ghafla. Mama mkwe wake alikuwa ameanguka karibu na ndoo, khanga imemtoka kichwani na mapajani. Donatus aligeuka haraka akatazama ukuta. Vumilia, mtoto akilia mgongoni, alikuwa amemshika mama yake kwapani na hawezi kumwinua.

"Mfunike kwanza!" Donatus aliuambia ukuta.

"Mama anakufa!"

"Mfunike, nakuja! Mwite jirani, Mama Sanket, mwite mtu!"

"Wanawake wote wako gulioni! Donatus, njoo!"

"Nakuja, mfunike tu…"

"Njoo umfunike wewe!" Vumilia alipiga ukelele ambao vijana wa karasha waliusikia juu ya mashine. "Wewe si dokta? Au ni dokta wa kioo?"

Donatus aligeuka. Alikwenda, akapiga magoti kwenye matope, akampitisha mama mkwe wake mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akamwinua. Hakujua kwamba mtu huwa mzito hivyo. Hakujua kwamba jasho la mgonjwa huwa la baridi, na linanuka. Tumbo lilimgusa kifuani, gumu kabisa, na Lusia akaguna. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga, na gauni limelowa damu.

Lusia alifumbua macho. Aliuona uso wa mkwe wake juu ya uso wake, karibu kuliko ilivyowahi kutokea, na kwa nguvu zote zilizobaki akajaribu kumsukuma.

"Yaya," alinong'ona, anakataa kwa lugha ya kwao. "Yaya, baba. Niache chini."

"Siwezi, mama," alisema Donatus, na alikuwa analia.

Bajaji ilipita katikati ya gulio kwa mwendo wa watembea kwa miguu, honi mbele, Donatus kiti cha nyuma amempakata mkwe wake kama mtoto. Wauza nyanya walisimama. Simu zikatolewa. "Jamani, dokta kampakata mkwewe!" mmoja alipaza sauti, na kijijini habari ilifika kabla yao kufika hospitali.

*

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Mwanaima, mwanamke mnene asiye na muda. Alivuta kope la Lusia, akatazama ndani, akaweka mkono tumboni mara moja tu, akauondoa.

"Mara ya mwisho kuona siku zake lini?"

"Mama ana mjukuu," alisema Vumilia.

"Sijauliza wajukuu." Mwanaima aliinama akaweka sikio mdomoni kwa mgonjwa. Midomo ilitikisika. Ndivyo tu, haikuchukua muda. Swali lililoshindikana nyumba nzima, na kompyuta juu, lilijibiwa kwa mnong'ono mmoja sikioni mwa mtu asiyemjua. "Miezi miwili," alisema Mwanaima, akainuka. "Mwiteni daktari. Machela hapa!"

Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi na mrija umepasuka; damu iliyovujia tumboni ndiyo iliyoleta kizunguzungu na maumivu ya bega. Daktari, kijana mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi, alitoka mara moja kabla ya kuanza upasuaji.

"Nani alimwona kwanza huyu mama?"

Donatus alifungua mdomo, lakini baba mkwe ndiye aliyejibu. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia, anahema, pakiti ya vidonge mkononi. "Huyu hapa, daktari mwenzako. Mkwe wangu. Kasema ni UTI."

Watu waliokuwa kwenye benchi walijisogeza kusikia vizuri.

"Ulimpima mimba?" daktari aliuliza.

"Hapana."

"Ulimshika tumbo?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Uliuliza, angalau?"

"Mashine iliuliza," alisema Donatus.

"Akajibu nani?"

Donatus alitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa na damu. "Mimi."

Daktari hakucheka wala hakumtukana, na ingekuwa afadhali angemtukana. "Tunahitaji damu," alisema. "Nani kundi O hapa?"

Alikuwa Donatus. Wakampima, wakamlaza, wakamtoa chupa nzima. Alilala akitazama mrija mwekundu akijua unakokwenda, kwenye mishipa ya mtu ambaye hakuruhusiwa kumpa mkono. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na chini ya aibu palikuwa na hofu kwamba chupa ingechelewa.

Haikuchelewa. Jioni daktari alikuja kuwaambia kwamba Lusia ameamka na anaomba khanga yake ya kichwani.

*

Wiki iliyofuata wazee waliketi kijijini kwa Mzee Maganga kusikiliza kesi. Donatus alikuwa amejiandaa kusema kila kitu. Alitaka kuwaambia kwamba alidanganya, kwamba alibofya Hapana, kwamba mama wa watu alibakiza kidogo tu afe kwa sababu ya kidole chake. Usiku hakulala kwa kuyapanga maneno hayo.

Wazee hawakuyataka.

"Kompyuta hatuna kesi nayo," alisema mzee Magesa, msemaji wao. "Kompyuta ni chombo, huenda mtandao ulikuwa chini. Hata simu yangu inanidanganya."

"Si mtandao, baba. Ni mimi niliye…"

"Tulia, dokta. Kosa lako tunalijua, na dunia nzima imeliona kwenye simu. Umembeba mama mkwe wako mikononi. Umempakata. Ukapita naye gulioni."

"Alikuwa anakufa."

"Ndiyo, na tunakushukuru sana. Ni mbuzi mmoja."

Kuhusu damu walijadiliana kwa muda mrefu. Mmoja alisema damu ya mkwe mwilini mwa mkwe ni jambo kubwa kuliko kupakata, labda ng'ombe. Mwingine akauliza sheria hiyo iko wapi, na hakuna aliyeikumbuka, maana mababu hawakuwa na mirija. Wakaliacha. Mbuzi alishaletwa, akachinjwa, na kwa kuwa faini imelipwa, mwiko kati ya wale wawili ukahesabiwa umepungua: sasa wanaweza kusemezana, mmoja ndani, mwingine mlangoni.

Donatus alikwenda akasimama mlangoni. Lusia alikuwa ameketi juu ya kitanda, khanga kichwani, bakuli la supu mbele yake halijaguswa. Vumilia alikaa pembeni.

"Mama," alisema Donatus. Hakuwahi kumwita hivyo ana kwa ana. "Naomba unisamehe. Nilitakiwa kukuuliza."

"Kuniuliza nini?"

"Kama una mimba."

Nje wazee walikuwa wakigombania ini.

"Ungeniuliza, ningekataa," alisema Lusia. "Sikufichi, mwanangu. Ningekataa mpaka kaburini."

Donatus aliitikia kwa kichwa. Aliamini. "Na sasa unaendeleaje? Kidonda kinauma?"

"Hakiumi. Nimepona kabisa."

Alisema vizuri, kwa sauti nzima, hata akatabasamu. Lakini mkono wake ulikuwa umebana ubavu, na nyuma yake Vumilia alimtazama mumewe na kutikisa kichwa polepole. Harufu ya usaha ilifika mlangoni, harufu ambayo hakuna mashine iliyomfundisha.

Donatus alivua viatu, akavuka kizingiti. "Vumilia, nipe maji na sabuni."

"Dokta!" Mzee Maganga alikuwa amemwona kutoka uani, mfupa mkononi. "We dokta, unaingia wapi? Faini ilikuwa ya kubeba tu! Huko ndani ni mbuzi mwingine!"

"Basi mtafuteni, baba," alisema Donatus, akinawa mikono. "Mama, nahitaji kuona."

Lusia alimtazama mkwe wake. Kisha akageuza uso ukutani, akaiinua khanga mwenyewe.